Upande Mkavu wa Jiwe

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa chupa ya chai ulilia jikoni. Ulilia kidogo tu, kwiii, kisha ukanyamaza kama mtoto aliyezibwa mdomo. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiufunga, na aliufunga polepole kwa sababu wajukuu wake walikuwa bado wamelala chumba cha pili. Lakini mfuniko ule ulikuwa na tabia mbaya: ukiufunga kwa upole, ndipo unapopiga kelele.

Mpiga picha alikuwa ameshaamka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akifuta lenzi ya kamera kwa kitambaa laini, na aliposikia ule mlio alitabasamu gizani.

"Mama, ungelala tu," alisema alipoingia jikoni.

"Nilale, nani akuchemshie mayai? Huyo kamera?" Mama mkwe alimsukumia mfuko mezani. "Mna chai, mayai na mkate. Na sweta langu."

"Hili jekundu? Mama, hili si la kutokea?"

"Ndiyo, la kutokea. Kwani wewe huendi kutoka?"

Mume wa mpiga picha alikuwa dereva wa malori, wiki nyingi yuko njiani, na nyumba ile iliendeshwa na wanawake wawili waliojuana mpaka kwenye kukohoa. Mpiga picha alilitia sweta begani, akabeba begi la kamera na stendi yake ya miguu mitatu, akatoka bila kubamiza mlango.

Kazi aliyokuwa akiiendea hakuitafuta; ilimjia. Studio yake ilikuwa chumba kimoja, kati ya kinyozi na fundi viatu. Ndani mlikuwa na kitambaa cha buluu ukutani, kitambaa cheupe juu yake kwa picha za pasi, kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimechoka kuzunguka, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Siku hizi wateja wenyewe walikuwa wa kuhesabika, maana kila mtu alikuwa na kamera mfukoni pamoja na simu yake. Alishaanza kuwaza kuteremsha kibao mlangoni. Ndipo akaitwa na Mzee Kalenda.

Mzee Kalenda alikuwa na mtambo wa kuchapa, na jina hilo alipewa kwa sababu kila mwisho wa mwaka alichapa kalenda kubwa ya karatasi moja, picha juu na miezi yote chini. Ilining'inizwa kila mahali: dukani, zahanati, kwa kinyozi, sebuleni kwa watu.

"Mwaka huu nataka maporomoko ya maji," alimwambia. "Yale ya mbali, yasiyofikiwa na watu. Nataka maji matupu. Mtu hata mmoja sitaki. Hata kivuli chake."

"Kwa nini, mzee?"

"Unaniuliza kwa nini? Si unaikumbuka ile ya mwaka jana?"

Nani asingeikumbuka? Mzee alikuwa amechapa picha ya wachumba wawili wameshikana mikono kwenye bustani. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, wachumba wakaachana. Yule msichana akaolewa na mwingine, na yule mume mpya akawa anaingia duka baada ya duka akizichana kalenda ukutani. Simu zilipigwa kwa Mzee Kalenda mpaka akawa anaiacha simu yake kwenye droo.

"Maji hayaachani," alisema Mzee Kalenda. "Niletee maji. Ukiniletea mazuri, kazi zote za picha za mtambo huu ni zako."

Basi mpiga picha alipanda basi la alfajiri, akashuka njia panda. Mwenye pikipiki akamfikisha mahali barabara ilipokata tamaa, na kutoka hapo akateremka bondeni kwa miguu. Aliyasikia maporomoko muda mrefu kabla ya kuyaona. Mwanzo yalikuwa kama upepo, baadaye kama mvua kwenye bati, na mwishowe hakusikia kitu kingine chochote, hata nyayo zake mwenyewe.

Juu kidogo ya maji palikuwa na nyumba ndogo yenye ua uliofagiliwa vizuri. Mlango ulikuwa wazi. Alipiga hodi, lakini hodi yake ilimezwa na maji. Hakuona mtu, akaendelea kushuka.

Maji yenyewe yalianguka kutoka kwenye mwanya wa miamba, marefu na membamba, yakapasuka chini kama unga uliomwagwa. Mbele yake palikuwa na ziwa dogo la kijani, na ukingoni mwa ziwa hilo jiwe pana lililo bapa. Mpiga picha aliangalia angani, akaangalia mwamba, akaona kwamba jua lingeingia bondeni kwa muda mfupi tu litakapofika juu ya mwanya. Alisimamisha stendi yake, akaweka kamera, akaanza kungoja.

Hakungoja sana. Bibi mmoja alitokea kwenye njia ya nyumba ile, mwembamba, amejifunga leso mbili, anatembea kama mtu anayeijua kila kokoto kwa jina lake. Alimwona mpiga picha, akainua mkono. Kisha akaenda akasimama palepale mbele ya kamera, kando ya jiwe, mikono ameikunja tumboni, uso ameukaza.

Mpiga picha aliona haya kumwambia aondoke. Yule ni mkubwa, na pale ni kwake. Akasema moyoni, atamaliza lililomleta, ataondoka. Akangoja.

Bibi naye akangoja.

Wakangojana hivyo, mmoja nyuma ya kamera na mwingine mbele yake, mpaka bibi uvumilivu ukamwishia.

"Wewe! Unangoja nini? Piga! Shingo inaniuma!"

Mpiga picha aliacha kamera, akakimbia kwenda kumsalimu. "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu! Usishtuke nikipiga kelele, sijakasirika! Hapa ukiongea taratibu unaongea na nafsi yako!"

"Bibi, nisamehe. Nilikuwa nangoja maji yabaki peke yake. Nimetumwa picha ya maji tu."

Bibi alimtazama kwa huruma. "Maji tu? Mimi nimekuona tangu juu, nikasema, maskini, mtoto wa watu amekuja na mizigo yote hii na hana hata mtu wa kumpiga picha. Nikaacha nguo zangu kwenye beseni nikaja kukusaidia."

Mpiga picha alijikuta anacheka, na bibi akacheka pia ingawa hakujua bado kinachochekesha. Wakakaa kwenye mizizi ya mti mbali kidogo na manyunyu, wakafungua mfuko wa mama mkwe. Bibi alikataa yai la kwanza, akalikubali la pili. Alikuwa anatetemeka kwa baridi bila kusema, na mpiga picha, bila kusema, akamvisha lile sweta jekundu.

"Sasa hiyo picha ya maji inakwenda wapi?" bibi aliuliza.

"Kwenye kalenda, bibi. Itachapwa nyingi sana. Itaning'inia kila mahali mpaka mbali, mijini huko, majumbani, zahanati."

Bibi aliacha kutafuna. Alikaa na yai mkononi akiangalia lile jiwe bapa.

"Mimi nina mdogo wangu," alisema. "Ni wa kike, tumbo moja. Tulikuwa wawili tu. Aliolewa mbali huko mjini. Tulipomzika mama tukagombana juu ya cherehani yake. Kila mmoja aliitaka, na hata kushona hakuna aliyejua! Akaniambia, kaa nayo, na usinitafute. Akaondoka." Alipiga ulimi. "Cherehani imeliwa na kutu pale ndani. Mdogo wangu simwoni."

"Hujamtumia salamu?"

"Kila anayepita hapa, namtuma. Mwambieni namsalimu, mwambieni namkumbuka, mwambieni namwomba aje. Kimya. Wengine hata sijui kama walimpata. Na huyu tangu mdogo, ukimbembeleza ndio ananuna zaidi. Simu huku haishiki, barua hasomi. Lakini jiwe lile analijua. Tulikua juu yake. Mama akifua, sisi tumewekwa pale." Akamgeukia mpiga picha, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti mpaka mwenzake akalazimika kusogea ili asikie. "Mwanangu, nikikaa pale kwenye jiwe, hata niwe mdogo kama sisimizi, mdogo wangu akiona atanijua."

Mpiga picha hakutaka kumdanganya. Alimweleza habari ya Mzee Kalenda na wachumba wake, na namna alivyokataza mtu yeyote asionekane. "Nitakupiga, bibi. Lakini siwezi kukuahidi kwamba atakubali."

"Wewe piga. Kukataa ni juu yake."

Angani palikuwa na wingu kubwa jeupe linalosogea kuelekea mwanya. Mpiga picha aliliona. Alijua kwamba jua likiingia, litaingia mara moja, na kama wingu lile litafika kabla hajamaliza, basi. Angeweza kumwambia bibi angoje kidogo pembeni, apige kwanza maji matupu aliyotumwa, kisha amwite. Maneno yalimfika mpaka mdomoni. Alimwona bibi anashuka kwenda kwenye jiwe, sweta jekundu limemfika magotini, anashikilia upindo wa leso yake kama msichana anayekwenda kwenye sherehe. Akayameza yale maneno.

Bibi alipanda juu ya jiwe, akakaa upande wa kushoto. Kisha akasimama. Alifikiri kidogo, akavuka upande wa kulia, akakaa, akacheka peke yake.

"Sogea katikati kidogo, bibi!" mpiga picha alipaza sauti. "Picha itakaa sawa!"

"Katikati sikai! Jiwe hili ni la watu wawili!"

Ndipo jua likaingia. Liliteremka na maji kutoka juu, likawasha manyunyu, likagusa ziwa, na mwisho likafika kwenye jiwe. Nusu ya jiwe iliyokuwa tupu ilimeremeta kwa maji. Nusu nyingine ilikuwa kavu, na juu yake amekaa bibi wa sweta jekundu, mgongo wake kidogo kwa kamera, uso wake kwenye maporomoko. Mpiga picha alipiga. Akafuta lenzi, akapiga tena. Alipotaka kumwita bibi ashuke ili apige maji matupu, bonde zima lilififia. Wingu lilikuwa limefika.

Alipiga maji matupu hivyo hivyo, kwenye mwanga wa kijivu, akakunja stendi yake. Sweta hakulichukua. Bibi alilivua, mpiga picha akamvisha tena; likavuliwa, likavishwa, mpaka bibi akashindwa.

Nyumbani alimweleza mama mkwe kwamba sweta limebaki. Mama mkwe akasema, "Basi limepata pa kutokea," akaenda kupakua chakula.

Mzee Kalenda alizipokea picha mezani kwake, katikati ya harufu ya wino na kelele za mtambo. Mpiga picha alimwekea kwanza ile ya maji matupu.

"Haya maji yana usingizi," alisema mzee.

Akamwekea ya pili. Mzee alivaa miwani, akavua miwani.

"Mtu!"

"Ni mgongo tu, mzee. Na wenyewe nusu."

"Mgongo si ni wa mtu? Nilisemaje mimi?" Lakini picha hakuisukuma. Aliivuta karibu. "Ana mume, huyu?"

"Ni mjane."

"Ana mchumba?"

"Mzee! Bibi wa watu yule!"

"Usicheke. Siku hizi huwezi kujua. Nataka kujua kama kuna mtu wa kuachana naye."

"Wameshaachana," mpiga picha alisema. "Yeye na mdogo wake. Ndiyo maana amekaa pale." Na kwa sababu mtambo ulikuwa unapiga kelele kama maporomoko, alimsimulia mzee habari nzima kwa sauti kubwa, na vijana waliokuwa wanakata karatasi wakaacha kukata wakasikiliza.

Mzee Kalenda alikohoa. Aliipangusa miwani yake kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hii nyingine imelala mno," alisema akiikunja ile ya maji matupu. "Sasa sikiliza. Simu ikipigwa hapa kwa ajili ya huyo bibi, hata moja, unapokea wewe. Mimi simo."

Kalenda ikatoka. Mama mkwe alining'iniza moja sebuleni na moja jikoni, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Unaliona hilo sweta? Langu hilo." Kazi za mtambo zilianza kuja studio, kidogo kidogo, na kibao mlangoni kikabaki mahali pake. Mwaka mpya ukaingia, ukazoeleka. Mpiga picha alikuwa akipita dukani au kwa kinyozi anamwona bibi amekaa pale juu ya miezi, nusu ya jiwe tupu, na kila akimwona moyo unamuuma kidogo. Alijua nusu ile inamngoja nani.

Siku moja Mzee Kalenda aliingia studio mbio, simu ameinyoosha mbele yake kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Chukua! Chukua mwenyewe! Nilikwambia mimi!"

Mpiga picha aliiweka sikioni, akaiondoa haraka. Sauti ya kike ilikuwa inapiga kelele humo ndani, na kabla hata hajaelewa neno, alijua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekulia mahali ambapo ukiongea taratibu unaongea na nafsi yako.

"Wewe ndiye uliyepiga picha hii?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo mwenye sweta amekaa upande wangu!"

"Upande...?"

"Upande mkavu! Ule ni wangu tangu tukiwa wadogo! Mama mwenyewe alisema, kwa sababu ya kifua changu, yeye akae kwenye manyunyu mimi nikae pakavu! Anajua! Anajua vizuri sana! Mimi nipo zahanati, nangoja kuitwa, nainua macho, namwona amekaa kwangu! Nesi ananiita jina, sisikii. Amenishushia kalenda ukutani akanipa niende nayo, na mjukuu wangu ndiye aliyenisomea namba hii. Mwambie ahame!"

"Nitamwambia, bibi."

Simu ilinyamaza. Mpiga picha alidhani imekatika.

"Amekonda, eh?" sauti ilisema, chini sasa.

"Hapana. Sweta ndilo kubwa."

"Anakaa palepale?"

"Palepale. Peke yake."

"Hm. Basi mwambie ahame kwanza," alisema, lakini safari hii ile nguvu haikuwepo, na mwisho wa neno sauti ilipasuka.

Mzee Kalenda, ambaye hayumo, alikuwa amesimama mlangoni muda wote ameinamisha sikio. "Utakwenda lini kumwambia?" aliuliza. "Maana huko simu haishiki."

Alikwenda kesho yake. Safari hii mama mkwe alichemsha mayai mengi zaidi. Mpiga picha alimkuta bibi uani anaanika nguo, sweta jekundu likiwa mwilini, limefuliwa na kuwekwa kiraka kwenye kiwiko. Alimfungulia kalenda. Bibi alijitazama, akasema, "Kumbe nina mgongo mzuri," akangoja.

"Mdogo wako amepiga simu, bibi."

Bibi alishika kamba ya nguo.

"Amesema nini?"

"Amesema umekaa upande wake. Amesema uhame."

Bibi aliangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma hata baada ya kicheko kwisha. Mpiga picha alikaa naye chini, akamshika bega, akangoja.

"Nilikaa kwake makusudi," bibi alisema alipoweza. "Nimemtumia salamu za upole, kimya. Nimemtumia za machozi, kimya. Siku ile nimekaa kwanza upande wangu, nikajiambia, we mwanamke, ukikaa kwako atakuona na atanyamaza kama kawaida. Kaa kwake. Huyu hajibu pole. Huyu anajibu uchokozi."

"Kumbe ndiyo maana ulisimama ukavuka!"

"Wewe ulidhani naogopa maji?" Alijifuta macho kwa mkono wa sweta. "Anakuja?"

"Amesema uhame kwanza."

Bibi aliinuka. Hakungoja chai wala mayai. Aliteremka njia yake ya kokoto mpaka kwenye jiwe, akapanda, akakaa upande wa kushoto, kwenye manyunyu, na mara ile leso zake zikaanza kulowa.

"Haya, nimehama!" alipaza sauti. "Nipige, umpelekee aone!"

Jua halikuwa limeingia bondeni, na mwanga ulikuwa wa kijivu kama siku ile ya wingu. Mpiga picha hakuangalia angani. Alipiga picha: bibi ameloa, anacheka, na kando yake nusu ya jiwe iliyo kavu haina mtu.

Walipopanda tena uani, bibi alikaa juani kando ya jiko kukausha leso, akala mayai mawili bila kukataa hata moja. Alimsindikiza mpiga picha mpaka pale njia inapoanza kupanda, mahali ambapo maji yanaanza kuwa upande wa nyuma na watu wanaweza kuongea bila kupiga kelele. Hakuwa amezoea. Akapiga kelele hivyo hivyo.

"Njoo naye! Mshike mkono kwenye ile miteremko, kifua chake hakina nguvu!"

"Nitakuja naye, bibi."

"Na akikataa, na mkinuniana njiani, na hiyo kamera yako ikiharibika, wewe njoo tu, mwanangu! Unasikia? Wewe njoo tu!"